Nilipozima Mshahara

Naandika kutoka Chechelesi, hapa Isiolo. Wale walionizoea Nairobi nikiwa na skrini mbili mezani wajue hivi: mwezi Agosti 2025 niliacha kazi ya kuandika programu, nikarudi nyumbani kwa Mama, na Septemba nikaanza stashahada ya uuguzi. Ni miaka 3. Nina umri wa miaka 28 na darasani wananiita shangazi.

Sababu ni fupi. Kazini tulikuwa tukitengeneza mfumo wa rekodi za wagonjwa, nikatumwa kwenye vituo vya afya kuwafundisha wauguzi kuutumia. Kila nikirudi ofisini nilikuwa nikiwakumbuka wagonjwa kuliko mfumo. Hayo yanatosha. Leo nataka tuongee pesa, maana hapo ndipo nilipokaribia kuanguka.

Hesabu nilifanya, tena kwa mbwembwe. Nilifungua lahajedwali, nikaandika karo na malipo mengine ya mwaka wa kwanza: 130,000. Akiba yangu ilikuwa 410,000. Kodi ya nyumba sifuri, nalala kwa Mama. Nilibakiza mteja mmoja, duka la dawa za mifugo hapa mjini ambalo natunza mfumo wake wa mauzo usiku kwa 15,000 kwa mwezi, na hizo zinatosha chakula na nauli. Kumsaidia mdogo wangu shuleni: 8,000 kwa mwezi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kijani hadi karibu mwisho wa mwaka wa pili. Nikajiona mjanja.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mshahara ni pesa inayoingia tu. Kumbe mshahara ni kama zile programu zinazofanya kazi kimyakimya bila dirisha lolote kwenye skrini. Hujui zinahudumia nini mpaka uzizime, ndipo vitu vinaanza kukwama kimoja kimoja.

Cha kwanza kukwama kilikuwa HELB. Digrii yangu ya kompyuta nilisomea mkopo, na kila mwezi mwajiri alikuwa akikata 4,500 kabla sijaiona. Ukiacha kazi hakuna wa kukukatia, lakini deni halijui kwamba umeacha kazi. Faini ya mwezi usiolipa ni shilingi 5,000. Someni tena hapo: faini yangu ingekuwa kubwa kuliko malipo yenyewe. Nilikuwa nimebakisha 58,000. Nilichukua pesa nilizolipwa kwa siku za likizo ambazo sikuwahi kwenda, 30,000, nikaongeza 28,000 za akiba, nikalifuta deni lote na kuomba cheti cha kumaliza. Mama alifurahi kuliko mimi. Mkopo ule hakuupenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ya riba yake ya asilimia 4.

Cha pili ni bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anajibu maswali kuhusu hali ya nyumba na maisha ya kaya yake, mfumo unakadiria mchango wake, usiopungua 300 kwa mwezi, kisha unadaiwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Haya yote niliyajua dirishani mwa hospitali, nimeshika tumbo, naambiwa kwamba mchango wangu haujalipwa. Mwanafunzi wa uuguzi huyo!

NSSF sitaisema sana. Zile zimekaa, zitanisubiri uzeeni.

Lakini kuna jambo moja zuri ambalo sikulitegemea, na nyinyi mnaopenda hesabu mtalipenda. Kodi ya mapato ya Kenya ni ya mwaka mzima, ila mwajiri huikata mwezi kwa mwezi kana kwamba utafanya kazi miezi yote 12. Nafuu ya kodi ni 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, na viwango vya chini vya asilimia 10 na 25 navyo vimegawanywa kwa miezi. Ukiacha kazi Agosti, nafuu na viwango vya miezi 4 hujavitumia. Kwa viwango vya mwaka 2025, kila mwezi usiotumika ni kama shilingi 7,616 ulizotozwa zaidi, na kiasi hicho hakibadiliki, uwe ulikuwa ukilipwa 60,000 au 160,000. Nilihakikisha mara tatu kwa sababu sikuamini. Miezi 4: 30,467. Unachukua fomu ya P9 kwa mwajiri wako wa zamani, unawasilisha ritani kwenye iTax kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, unaomba kurudishiwa. Bila shaka ilinibidi nitangaze na zile 60,000 za duka la dawa, zikatozwa 18,000. Ikabaki 12,467. Si haba. Ombi limeingia, nasubiri.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Mwisho wa Novemba lahajedwali ilisema niwe na 290,000. Benki ikasema 228,000. Elfu 62 zimekwenda wapi ndani ya miezi 3, na mimi sinunui hata kiatu?

Niliomba taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi 12. Inakuja kama PDF iliyofungwa, na nambari ya kuifungua inatumwa kwa SMS. Nikaandika skripti ya Python, mistari 40 hivi, isome kila pesa niliyotuma na kuijumlisha kwa jina la aliyepokea. Nilidhani naisaidia familia kwa 8,000 kwa mwezi. Skripti ikasema 27,600, kwa watu 23. Na baada ya kuacha kazi haikupungua hata kidogo. Kiasi kilichojirudia zaidi ni 500. Nitumie mia tano tu, nitakurudishia. Mia tano haiumi ukiwa na mshahara, wala huikumbuki kesho yake.

Nilikaa naitazama ile orodha usiku mzima. Kufuta mstari kwenye msimbo ni rahisi. Ila mmoja wa wale 23 ni shangazi yangu, 2,000 kila tarehe mosi kwa miaka mitatu, na hizo ni dawa zake za kisukari. Wiki hiyohiyo darasani tulikuwa tumefundishwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mstari huo sikuugusa.

Nikamwonyesha Mama. Kwanza nilimwambia mpango wangu: kilichobaki nikiweke kwenye hati za hazina za siku 91, maana siku hizi kupitia DhowCSD ya Benki Kuu unaanza na 50,000. Akaniuliza faida inatoka wapi. Nikaeleza. Akasema, “Hiyo ni riba, mwanangu, na humu nyumbani haiingii.” Mada ikafungwa.

Mama anauza maziwa ya ngamia. Anayanunua kwa wafugaji, mengine yanauzwa hapa sokoni, mengine yanapanda basi kwenda Eastleigh. Kiangazi kikikaza maziwa yanakatika, kwa hiyo kuishi bila mshahara si habari kwake. Yeye na wenzake 11 wana ayuto: kila mmoja anatoa 5,000 kwa mwezi, na mmoja anabeba 60,000. Nilikuwa nimeshalipa karo 70,000. Iliyobaki, ya Januari, ilikuwa 60,000 kamili. Mama aliomba kubadilishana zamu na jirani, akaubeba mzigo wa Januari, na mimi ndiye ninayemlipia ile 5,000 ya kila mwezi. Akiba yangu ikapata kupumua. Sikuhitaji skripti yoyote.

Kisha akatangaza kwa ukoo mzima: “Huyu amerudi shule. Anayetaka kumwomba pesa, aanze na mimi.” Jamani, hakuna kingavirusi kinachomfikia Mama. Mwezi uliofuata nilituma 11,200. Mjomba mmoja hajanisemesha tangu siku hiyo, na kusema kweli inaniuma, maana ndiye aliyeninunulia kikokotoo nilipoingia kidato cha kwanza.

Karo ya mwaka wa pili bado sijui nusu yake itatoka wapi. Zamu yangu wodini inaanza saa moja jioni na sare haijapigwa pasi, kwa hiyo naishia hapa.