Masikio ya watoto, sehemu ya 4: Kijana anataka kadi ya sauti

Baridi ya Mbeya mwezi huu si mchezo, naandika nimejitanda khanga mbili. Sehemu ya 3 tuliongelea usaha masikioni. Leo ni zamu yenu wenye vijana wa gemu za kompyuta.

Mtoto wa dada yangu yuko Kihesa, Iringa, ana kompyuta ya mezani ya mtumba. Juzi kanipigia: "Shikamoo mama mdogo. Naomba unisaidie hela ya kadi ya sauti. Adui akitokea kushoto simsikii, nauawa kila saa." Bei aliyonitajia inanunua gunia la mahindi na chenji inabaki.

Zamani kadi hiyo ilikuwa na maana kweli. Miaka ya 1980 kompyuta nyingi zilijua kulia "pii" tu, ndiyo maana Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore ilipotoka mwaka 1989 wacheza gemu waliichangamkia. Siku hizi sauti imo kwenye madabodi yenyewe, ile bodi kubwa ndani ya boksi, na hesabu za adui yuko upande gani kwa kawaida zinapigwa na gemu lenyewe. Kadi haimwongezei adui miguu.

Ubaya wa sauti ya madabodi ni kwamba inakaa jirani na vifaa vingine vya umeme, kwa hiyo inaweza kudaka mvumo. Ukisogeza mausi unasikia mchakacho. Nikamwambia achomoe hedifoni tundu la mbele, achomeke la nyuma, maana la mbele linapitia waya mrefu ndani ya boksi. Mvumo ukapungua sana. Ungebaki, kuna kile kidude cha kuchomeka kwenye USB: nacho ni kadi ya sauti, ila kinakaa nje ya boksi na hakili hela nyingi. Kadi kubwa waachieni wanaorekodi muziki na wenye hedifoni nzito zinazotaka nguvu.

Ila hilo neno "kushoto" lilinikaa kichwani. Nikamwambia ageuze hedifoni, ya kulia aivae kushoto. Ukimya ukihamia kulia, ubovu uko kwenye hedifoni au kompyuta. Ukibaki kushoto, ubovu ni wa sikio.

Ulibaki kushoto.

Kesho yake dada akampeleka hospitali. Walipochungulia kwa kile kifaa chenye taa, nta ilikuwa imejaa na kuganda. Imesafishwa, anasikia. (Vijiti vya pamba nilishavisema sehemu ya 1, vinashindilia nta ndani.)

Kinachoniumiza ni sikio la kulia. Miezi yote hiyo alikuwa anapandisha sauti hadi mwisho ili la kushoto lipate, na la kulia, zima kabisa, likala kipigo. Kadi yenye nguvu zaidi ingeongeza kipigo hicho. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, mtoto 75. Kila zinapoongezeka 3, muda huo unakatwa nusu. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa haviOti tena.

Anasema usiku sikio hilo linalia "nziii". Hiyo haisafishwi kama nta. Wiki ijayo anarudi kupimwa usikivu.

Jaribuni kugeuza hedifoni na vijana wenu, hata zile za simu. Niandikieni hapa chini ukimya umebaki wapi. Kesho niko zamu ya mchana, nitajibu usiku.