Sanduku la bahari na ziwa la Lweba: kwa nini maji hayaozi

LWEBA, Fizi. – Ndugu walioko Marekani, Kanada na Australia hutuma picha nyingi kwa jamaa zao wa Fizi: theluji mlangoni, watoto na mabegi ya shule, gari lililonunuliwa kwa mkopo. Mara mojamoja hufika picha ya sanduku la kioo refu kama kitanda, limejaa maji ya bahari, samaki wa njano na wa buluu wakizunguka katikati ya mawe yenye rangi. Si sokoni wala kwenye hoteli kubwa. Ni sebuleni kwa mtu. Watu wa mwambao wakiiona, swali lao la kwanza si bei. Wanauliza: maji hayo hayaozi?

Ni swali la watu wanaoyajua maji. Aliyeacha bidoni ya maji ya ziwa juani siku nne anaijua harufu inayotoka akifungua kifuniko. Na jibu lake linamhusu kila anayeishi kando ya Tanganyika, hasa familia zilizokimbia vita na kufika hapa na bidoni mbili na sufuria moja. Anayeelewa kinachofanya maji ya sanduku yasioze ataelewa pia kinachofanya ziwa lisioze, na kinachoweza kuliharibu.

Kwanza sanduku lenyewe. Chukua lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 60. Likijaa linabeba litre 840, yaani bidoni 42 za litre 20. Kila litre ni karibu kilo moja, hivyo maji peke yake ni kama kilo 840. Ongeza kioo, mchanga na mawe, uzito unapita tani moja. Ndiyo maana fundi haanzi na samaki, anaanza na sakafu. Meza ikiinama kidogo tu, kioo kinapasuka.

Chini ya meza, mahali mgeni haoni, kuna sanduku la pili, dogo. Tuseme la litre 200, bidoni 10 nyingine. Hilo ndilo jiko la nyumba. Kule juu ni sebule, samaki wanapendeza. Huku chini maji yanasafishwa, yanapashwa moto, yanarudishwa. Kazi yote ya tiyo ni kuunganisha vyumba hivyo viwili, usiku na mchana, bila kupumzika.

Njia ya kushuka ni rahisi. Kwenye pembe ya sanduku la juu kuna ukingo wenye meno kama kitana. Maji yakizidi kimo hicho yanamwagika yenyewe ndani ya tiyo na kushuka. Hakuna pompi inayoyavuta, ni uzito wake tu, kama mto unavyotoka mlimani. Njia ya kupanda ndiyo inayohitaji nguvu: pompi ya umeme inayasukuma maji safi kurudi juu.

Mafundi wenye uzoefu hawaweki tiyo moja ya kushukia. Wanaweka mbili. Ya kwanza ina robine ya kupunguza mwendo, na maji yote hupita humo. Ya pili mdomo wake uko juu kidogo, na siku zote iko kavu. Inangoja siku konokono au jani litakapoziba ile ya kwanza. Siku hiyo maji yatapanda kidogo, yatakuta mdomo wa pili na kushuka, na sebule haitafurika. Tiyo isiyofanya kazi mwaka mzima ndiyo inayookoa nyumba.

Halafu kuna umeme. Ukikatika, pompi inasimama, na maji yaliyo juu ya meno ya ule ukingo yanaendelea kushuka mpaka yafikie kimo cha meno. Yakiwa sentimita 3 tu, kwenye sanduku la ukubwa huo ni litre 42, bidoni mbili na zaidi. Basi sanduku la chini halijazwi hadi juu. Siku zote linaachiwa nafasi ya bidoni hizo. Tiyo ya kurudishia nayo hutobolewa tundu dogo karibu na uso wa maji, ili pompi ikisimama hewa iingie na maji yasivutwe kinyumenyume hadi yamalizike. Tundu hilo likizibwa na uchafu, mwenye nyumba ataamka asubuhi na kukuta zulia linaelea.

Hapo ni mwendo wa maji tu. Lakini maji yanayotembea yanaweza kuoza vilevile. Katika sanduku lile kuna samaki, na samaki hujisaidia ndani ya maji anamopumua. Kutokana na choo chake na chakula kilichobaki huzaliwa amonia, sumu isiyo na rangi. Kinachookoa ni bakteria waliojishika kwenye mawe na mchanga. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu; kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Ndani kabisa ya mawe yenye matundu, mahali pasipofika hewa, wapo wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ikatoka. Bakteria hao hawanunuliwi kwa haraka. Sanduku jipya hungoja wiki nne hadi sita, mara nyingine zaidi, ndipo samaki waingizwe kidogokidogo. Wasio na subira hutazama maji, wakaona yanang'aa, wakatia samaki kumi siku ya kwanza. Samaki wanakufa katika maji meupe kabisa.

Huko chini pia kuna chombo cha kutoa povu. Hupulizia maji ya chumvi mapovu madogo sana. Uchafu wa mafuta na chakula hushikamana nayo, hupanda juu na kumwagika kwenye kikombe. Aliyesimama ufukweni siku ya upepo mkali akaona povu la rangi ya chai limerundikwa kwenye mchanga ameiona kazi ya namna hiyo ikifanywa bure.

Na mawe yale yenye rangi, wengi wake si mawe. Ni matumbawe: wanyama wadogo wanaoishi pamoja kwa maelfu na kujijengea jiwe kutoka kwenye chokaa iliyo ndani ya maji. Ndani ya mwili wao wanaishi mimea midogo sana inayowalisha kwa nguvu ya mwanga. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, wanaitoa mimea hiyo, wanageuka weupe, na wengi wanakufa kwa njaa. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea baharini, likaua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ndiyo maana mwenye sanduku hulinda joto lisitoke sana kwenye digrii 25 au 26, na hupima chumvi ibaki karibu gramu 35 kwa litre. Kwa masanduku yote mawili, hiyo ni zaidi ya kilo 36 za chumvi. Maji yakipungua kwa kukauka, haongezi maji ya chumvi, anaongeza maji matamu, kwa sababu kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki.

Sasa ziwa. Wazee wa sayansi waliwahi kulidhania kuwa ni bahari iliyosahauliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore alikuja kulichunguza mara mbili kwa sababu konokono wake wanafanana na wa baharini, na ndani yake kuna yavuyavu, yule kiumbe laini wa mviringo, mdogo kama kifungo cha koti, ambaye wengi walijua ni wa bahari tu. Baadaye ilionekana si bahari. Ni ziwa la zamani mno, lililofungwa katika bonde muda mrefu hadi viumbe wake wakawa na sura zao wenyewe. Lakini kosa hilo lina sababu. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika hutoka kwa kukauka na jua, chumvi na chokaa zinabaki, kama katika sanduku. Ndiyo maana maji yake ni mazito kwa madini.

Wenye masanduku wa nchi za mbali wanalijua ziwa hili kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1971 Mbelgiji Pierre Brichard alianzisha huko Bujumbura kazi ya kusafirisha samaki hai wa mawe wa Tanganyika kwenda Ulaya na Marekani. Mmoja wao, mweusi mwenye madoa meupe akiwa mtoto, aliandikwa na mwanasayansi Georges Marlier mwaka 1959, wakati kituo cha utafiti cha Uvira kilipokuwa mahali pa kazi yake. Jina lake la kitaalamu ni Tropheus duboisi. Leo kuna watu wasioweza kuionyesha Fizi kwenye ramani lakini wanapanga mawe sebuleni ili samaki wa huku ajione yuko kwao.

Samaki huyo anahitaji mawe kwa sababu ileile ya matumbawe: maisha yapo kwenye ukingo. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini hewa ya kupumua inafika kama mita 100 hadi 200 tu kutoka juu. Chini ya hapo hakuna samaki. Na wingi wa aina za samaki uko kwenye mawe ya kando, kwenye maji ambayo mtoto wa Lweba anaogelea. Hapo ndipo bakteria wa ziwa wanafanya kazi, na hapo ndipo watu wanachota, wanafua, wanaoga na kutupa taka. Mvua ikishusha udongo wa milima iliyokatwa miti, mawe yanafunikwa matope. Chandarua kikikokotwa kama wavu, watoto wa samaki wanabebwa kabla hawajawa na uzito wa kijiko.

Ziwa lina jambo jingine ambalo fundi wa sanduku angelitazama kwa wasiwasi. Mito mingi inaingia, Ruzizi ikiwemo, lakini tiyo ya kumwagia ni moja: Lukuga, pale Kalemie. Tiyo ya pili hakuna. Stanley alipopita mwaka 1876 mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani, na ziwa lilikuwa juu kuliko leo. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Na mwaka 2024 watu wa mwambao waliona ziwa likipanda, nyumba za Uvira na kwingine zikaingiliwa na maji. Familia zilizokuwa zimekimbia risasi zikakimbia tena, safari hii zikikimbia maji.

Maji yakipanda, vyoo vilivyo karibu na ufuko vinafunguka, na yaliyokuwa ardhini yanaingia ziwani. Kolera haikugeni Fizi na Uvira. Inarudi karibu kila mwaka. Hapo ndipo somo la sanduku linapogusa bidoni. Mdudu wa kolera, kama amonia, hana rangi. Ziwa likiwa tulivu asubuhi, maji yanang'aa hadi mtu anahesabu kokoto chini, na mama aliyefika jana kutoka milimani hana sababu ya kuyaogopa. Hakuna wa kumlaumu. Kule kwao alikunywa chemchemi. Lakini maji meupe si maji safi, na macho hayawezi kupima.

Mwenye sanduku ana chupa za dawa za kupimia kila wiki. Familia iliyo kwenye kibanda cha turubai haina, ila ina njia ambazo kazi yake inajulikana. Maji yenye matope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kwa sababu matope hula nguvu ya klorini. Pale ambapo watu wa kujitolea wanatia klorini kwenye bidoni ufukweni, mtu asubiri dakika 30 kabla ya kunywa, hata kama mtoto analia. Pasipo na klorini, maji yachemshwe mpaka yatokote. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, kikombe kisitumbukizwe na mkono. Choo kichimbwe juu, mbali na maji, si mahali ambapo ziwa lilifika mwaka 2024.

Klorini hiyohiyo, mwenye sanduku huiondoa kabisa kwenye maji ya robine kabla ya kuyatumia, kwa sababu inaua bakteria wake wema na samaki wake. Kwake maji ni nyumba ya kuishi. Kwa mama wa Lweba maji ni kitu cha kumeza. Nyumba inahitaji bakteria wake wabaki. Kikombe kinahitaji wafe.

Ukitaka kujua thamani ya kazi ya ziwa, hesabu tena vitu vya sanduku: pompi, taa, chombo cha povu, kifaa cha joto, chumvi kwa kilo, umeme usiokatika, na mtu wa kusafisha tundu dogo lisizibe. Yote hayo kwa bidoni 52 za maji. Mwambao wa Fizi unafanyiwa kazi hiyo bila bili, na mawe, bakteria, upepo na samaki wadogo ambao hakuna anayewauza sokoni. Wanachohitaji kwa watu ni kidogo: udongo ubaki mlimani, chandarua kibaki kitandani, na choo kibaki mbali na maji.