Jua la Wang'uru na nguo za sisi wenye miili

Mwezi wa Februari ukiingia, jua la Wang'uru halina mzaha na mtu. Ukitoka Nairobi kwa matatu, ukafika Makutano na kukata kulia kuelekea Embu, joto hukulaki kabla hujaona shamba la kwanza la mpunga. Madirisha yote hufunguliwa, na hata yule abiria ambaye huogopa upepo hunyamaza. Kama wewe ni mwanamke mwenye mwili kama mimi, hapo ndipo unapoanza kuzihesabu nguo ulizojitwika asubuhi: sindiria, petikoti, blauzi, koti.

Nasema "mwenye mwili" kwa sababu ndivyo tunavyoitwa kwa adabu. Majina yasiyo na adabu ni mengi, na msomaji anayajua bila mimi kumkumbusha. Mimi huvaa saizi 20 kwa vipimo vya Uingereza, ambayo Wamarekani huiita 16 na Ulaya bara huiandika 48. Nilizaliwa hapa Wang'uru, mji ambao wengi huuita Ngurubani, na ingawa kazi ya gazeti iliniweka Nairobi, kila mwaka hurudi msimu huu wa kiangazi kumwona mama. Haya ninayoyaandika si ya kuambiwa.

Kule juu Nyeri, alikoolewa shangazi yangu, mwanamke mnene hana shida kubwa. Baridi humkinga. Mwezi wa Julai, majira tunayoyaita gathano, kila mtu huvaa sweta juu ya sweta na koti juu yake, wala hakuna awezaye kusema nani ni mnene na nani amevaa nguo nyingi. (Hiyo ndiyo Julai ambayo ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza huja nyumbani wakisema wako kwenye likizo ya kiangazi. Hushuka wakiwa na kaptula, na kufikia siku ya pili wanaomba kuazimwa koti.) Lakini Wang'uru iko chini, kwenye uwanda, na kuanzia Januari hadi mvua ya Machi, koti ni adhabu.

Hata hivyo, ingia kanisa lolote mjini humu Jumapili ya Februari. Wasichana wembamba wamevaa vigauni vya mikono mifupi vyenye maua. Wenye miili tumekaa nyuma yao kwa suti nyeusi na za kijani kibichi, mikono mirefu, koti limefungwa vifungo vyote, leso ya mkononi ikifanya kazi shingoni. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba nyeusi hupunguza. Hupunguza nini? Mimi sijawahi kutoka ndani ya nguo nyeusi nikiwa na kilo chache kuliko nilizoingia nazo. Ninachojua ni kwamba rangi nyeusi hunywa joto la jua kuliko rangi nyingine yoyote, na jambo hilo tulifundishwa katika shule ya msingi.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyo huyo wa suti nyeusi ukimkuta Jumatatu shambani hutamtambua. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka wa 2022, lilijengwa ili mpunga upandwe mara mbili kwa mwaka, kwa hivyo siku hizi unaweza kuwaona akina mama wakipanda miche hata katika jua hili. Wamesimama matopeni, maji yamefika kwenye goti, sketi imekunjwa na kukazwa kwenye mapaja, blauzi haina mikono. Mikono minene, miguu minene, yote nje. Hakuna mpita njia anayesema lolote, kwa maana ni kazi. Mwili ambao tunautazama siku sita bila neno, tunadai ufunikwe siku ya saba.

Sheria zenyewe nilizipata nikiwa na miaka kumi na mitatu, nazo zilitoka kwa mama, na mama alizipata kwa mama yake. Usivae maua makubwa. Usivae mistari iliyolala. Usivae nyeupe. Usionyeshe mkono juu ya kiwiko. Mama ni mnene kuliko mimi, na hakuzitoa kwa ubaya. Alinipa kama mtu anavyompa mtoto mwavuli.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alifanyiwa ruracio, mwezi uo huo wa Februari, na wasichana wa nyumbani tuliagizwa tuvae rangi ya manjano. Niliingia duka moja la jijini ambalo sitalitaja. Muuzaji, kijana wa heshima tu, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaniambia, "Madam, jaribu pale mwisho, upande wa nguo za wajawazito." Sikuwa mjamzito. Nilimshukuru na kutoka nje, na hadi nilipofika kituo cha magari masikio yangu yalikuwa bado yanawaka.

Baadaye nilicheka kidogo, kwa sababu kuna historia ambayo kijana yule hakuijua. Mwaka wa 1904 mshonaji mmoja mjane aliyehamia Marekani kutoka Lithuania, Lena Bryant, alifungua duka New York. Inasimuliwa kwamba alipokwenda benki jina lake liliandikwa kimakosa "Lane", naye akaliacha hivyo. Duka lilipata sifa kwa kuwauzia wajawazito nguo za kutokea nje. Kisha akagundua kwamba wapo wanawake wengi wasio na mimba ambao pia hawapati nguo. Mume wake wa pili, Albert Malsin, mhandisi, alipima maelfu ya wanawake ili kujua miili yao imekaaje hasa, na kufikia miaka ya 1920 nguo za wanene ndizo zilizokuwa tegemeo la biashara yao. Yaani hao walianzia pale kwenye nguo za wajawazito wakasonga mbele zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Duka letu la jijini limebaki palepale.

Lebo ya Lane Bryant nimeiona kwa macho yangu katika rundo la mitumba hapa Wang'uru, kando ya barabara, si mbali na akina mama wauzao mchele wa pishori. Nimeona pia Evans ya Waingereza, iliyoanza mwaka wa 1930 na ambayo maduka yake yalifungwa baada ya kampuni mama kuanguka mwaka wa 2020, na Ulla Popken ya Wajerumani. Wanawake wa saizi yangu huko ng'ambo wamevaa, wamechoka, wametoa, na nguo zikavuka bahari ndani ya robota. Najua yanayosemwa juu ya mitumba. Uagizaji ulipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, viwanda kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vilizidiwa, na watu walipoteza kazi. Siidharau lawama hiyo. Lakini miezi ile ya 2020, kuanzia Machi hadi Agosti, serikali ilipozuia mitumba kwa sababu ya korona, wenzangu wembamba walinunua nguo mpya dukani na mimi nikarudi kushona viraka.

Kutafuta nguo ya saizi yetu kwenye mitumba kuna elimu yake. Nguo bora, zile wachuuzi wanazoziita kamera, huchaguliwa asubuhi robota likifunguliwa tu, na zile za kufagia hubaki hadi jioni. Usiamini herufi zilizo kwenye lebo. XXXL iliyoshonwa kwa ajili ya soko la Uchina huenda isipite hata kwenye bega la binti yangu wa darasa la nane. Pima kwa mikono: shika kiuno cha nguo, kizungushe shingoni mwako, kama ncha zinakutana bila kuvuta ujue huenda kiunoni pia zitakutana. Igeuze nguo utazame kwapa na mshono wa ndani kama umeachiwa kitambaa. Halafu kipapase kitambaa. Poliesta katika joto la Mwea ni sawa na kujifunga mfuko wa plastiki. Tafuta pamba, ukibahatika kitani. Na chini ya gauni vaa baika ya pamba, kwa sababu mapaja yanayosuguana jua likiwaka ni jeraha ambalo hakuna mtu huliandika gazetini, ila kila mmoja wetu analijua, na Vaseline peke yake haitoshi mpaka jioni.

Dera nalo? Limetuokoa, sikatai. Tangu vazi hilo lipande bara kutoka pwani, mwanamke yeyote anaweza kulivaa bila kuulizwa saizi. Lakini ukilivaa kila siku kwa sababu huna lingine, linakuwa hema. Nami nilitaka kuonekana nina mabega na kiuno, hata kama kiuno chenyewe ni kikubwa.

Basi wiki moja kabla ya ruracio nikapita soko la hapa nyumbani. Nguo niliyoitafuta niliiona, ila haikuwa kwenye rundo. Ilikuwa mezani kwa fundi, mama wa makamo mwenye kibanda cha mabati: gauni la kitani, manjano ya yai, mikono ya kuishia juu ya kiwiko, mifuko miwili mikubwa. Fundi alikuwa amelilaza kifudifudi na mkasi ulikuwa mkononi.

Huu ndio ukweli ambao haukuwa umenijia akilini miaka yote hiyo. Nguo kubwa hufika Wang'uru. Hufika nyingi tu. Lakini wachuuzi huziuza kwa bei ya chini wakiamini hazina mwenyewe, na mafundi huzinunua kwa sababu zina kitambaa kingi. Gauni moja la saizi 22 hutoa vigauni viwili vya watoto. Mafundi wa kupunguza nguo wamejaa kila soko, hadi Gikomba. Wa kuongeza huwatafuti bila tochi.

"Mama, tafadhali usikate," nilisema.

"Mwanangu, hii nimeshainunua. Ni ya watoto wawili."

"Utawauzia watoto hao bei gani?"

"Mia tatu hamsini kila mmoja."

"Nitakulipa ya watoto wote wawili."

Aliweka mkasi chini, akalinyanyua gauni na kuniwekea mabegani. Akacheka. "Kumbe mwenyewe yuko," akasema.

Lilinibana kwapani. Fundi hakushtuka. Alifumua pindo la chini, akakata utepe wa vidole vinne, akautia kwapani pande zote mbili, na kulipiga pindo upya. Kazi ya saa moja. Alinipima kwa utepe wake akisema namba kwa sauti ya kawaida, kama anayehesabu magunia ya mpunga, na nikatambua kwamba tangu utotoni sikuwahi kupimwa na mtu asiyeishusha sauti akifika kiunoni.

Nyumbani mama alilitazama gauni likiwa kwenye kamba. "Utavaa mikono hiyo mbele ya wakwe?"

"Nitavaa, mama."

"Na rangi hiyo?"

"Rangi ni ya bibi harusi, mama. Mikono ndiyo yangu."

Hakujibu. Siku yenyewe alivaa suti yake nyeusi, koti na vifungo vyote. Wazee walijadiliana mbuzi kwa saa tatu chini ya hema, na joto la hema la turubai saa nane mchana Mwea sina haja ya kulieleza. Mimi nilihudumu nikiwa na sinia mikononi, upepo ukipita kwapani. Wakwe walikula, wakanywa uji, wakataja mbuzi tena. Hakuna aliyeutazama mkono wangu isipokuwa kupokea sahani. Karibu saa tisa nilimwona mama akiinuka polepole na kuingia ndani. Alipotoka hakuwa na koti. Alikuwa amejitupia leso mabegani, na baada ya muda leso nayo ikashuka hadi kwenye viwiko.

Wiki iliyofuata alinipigia simu Nairobi kuniuliza fundi yule hufungua siku gani.

Katika kibanda kile sasa kuna msumari ukutani ambapo fundi hutundika nguo kubwa anazozipata. Amesema atazikata zikikaa wiki mbili bila mwenyewe. Mara ya mwisho nilipopita zilikuwa tatu. Mbili zilinitosha, na ya tatu, yenye maua makubwa mekundu, alikuwa amemwekea mama.