Helikopta Nyeupe

Kaskazini ya mji wa Dodoma, katika kata ya Miyuji, upepo wa kiangazi hauna adabu. Asubuhi hunong'ona tu. Kufika adhuhuri umekwisha kubeba sehemu ya barabara na kuileta ndani ya nyumba za watu. Mwanamke aliyeanika shuka nyeupe hushindana nao, na mpishi hufunika chungu mara mbili. Mtu atakaye kupaka rangi nyeupe juu ya kitu kidogo, rangi isiyokubali hata chembe moja ya vumbi mpaka ikauke, amejichagulia mahali pabaya kwa kazi yake. Askari mmoja mstaafu hakuwa na mahali pengine. Hapo ndipo alipojenga nyumba yake kwa kiinua mgongo, na hapo ndipo sanduku lilipomfikia.

Sanduku hilo lilitoka kwa mpwa wake asomaye Ujerumani. Kijana alikuwa amemwuliza mjomba wake angependa zawadi gani, akitarajia kuambiwa saa au koti. Mjomba aliomba helikopta ya vita. Aliomba kwa jina lake kamili, Mi-24, helikopta iliyobuniwa katika Urusi ya Kisovieti na kuruka kwa mara ya kwanza Septemba 1969. Na aliomba mfano mkubwa, si ule mdogo wa kuwekwa juu ya redio. Sanduku lilipofunguliwa vilionekana viunzi vya plastiki ya kijivu, na juu ya kila kiunzi vipande vimeshikana kama zabibu juu ya kikonyo chake. Kipimo kilikuwa 1 kwa 35. Rafadha kuu, ambayo katika helikopta ya kweli ina kipenyo cha mita 17.3, ilikuwa sentimita 49 na kitu. Ikizungushwa juu ya meza ya chakula hufagia vikombe vyote.

Mkewe alitazama vipande vile, akauliza, "Mwenzangu, umerudi utotoni?"

"Utotoni sikuwa na gundi," alijibu.

Jibu hilo lilikuwa zuri, lakini halikuwa na uzito. Utoto wa Ugogo hauhitaji gundi. Uwele na mtama vikisha kuvunwa mabua hubaki shambani, na kabla ng'ombe hawajayamaliza watoto huwa wamekwisha kujitwalia akiba yao. Ganda la bua huchunwa likawa fito na misumari. Moyo wake mweupe, mwepesi kama pamba iliyoshindiliwa, ndio ubao. Ncha ya ganda huchomwa ndani ya moyo wa bua, na moyo huishika sawasawa. Kwa vitu viwili hivyo, vyote kutoka mmea mmoja, watoto wa nchi kavu wamejenga malori, mabasi, nyumba na ndege tangu kabla ya plastiki kufika madukani. Na tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, watoto wa Miyuji wana mifano mingi zaidi ya kuiga, kwa kuwa mbingu yao imekuwa njia ya wakubwa. Fundi wa bua, hata hivyo, huunda kile alichokiona kutoka chini. Helikopta zao huwa na matumbo mazuri na migongo ya kubahatisha.

Askari huyu naye aliiona Mi-24 kutoka chini. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, likaanzisha ndani ya jeshi lake la kulinda amani huko Kongo kikosi kilichoruhusiwa kushambulia. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi; idadi iliyotajwa ilikuwa 3,069. Yeye alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Agosti kikosi kilipigana katika vilima vya Kibati, kaskazini ya Goma, chini ya mlima Nyiragongo wenye moto ndani yake. Na mwanzoni mwa Novemba waasi wa M23 walitangaza kwamba wameacha vita. Katika siku hizo zilipita juu ya vichwa vyao helikopta za Mi-24 zilizorushwa na marubani wa Ukraine, nyeupe mwili mzima, zimeandikwa kwa weusi herufi za Umoja wa Mataifa. Ni sura ngeni kwa mtu aliyefundishwa kujificha: chombo cha vita kilichopakwa rangi ya sanda, ili kila mtu akione. Ukiwa umelala kifudifudi juu ya mawe meusi ya volkano, mlio wake huupokea kwa kifua kabla ya masikio.

Ndiyo sababu alitaka nyeupe. Karatasi za maelekezo zilizokuja na sanduku zilionyesha mabaka ya kijani na kahawia ya majeshi mengine, nyeupe haikuwamo.

Kazi ilichukua miezi minane. Mtu asiyejua hudhani kuunda mfano ni kubandika kipande namba 1 juu ya kipande namba 2 mpaka namba ziishe. Namba zilimpeleka wiki tatu tu. Iliyobaki ni kazi ambayo haina namba. Vyumba vya marubani ni viwili, mpiga mizinga mbele na chini, rubani nyuma na juu yake. Kuta zake zilipakwa feruzi, rangi ambayo Warusi waliipendelea kwa ajili ya kutuliza macho. Saa za vipimo, kila moja ndogo kuliko punje ya uwele, alizichora kwa ncha ya sindano. Puani alificha risasi zile ambazo mafundi wa matairi hutumia kusawazisha magurudumu, ili mfano usikalie mkia. Mapanga matano ya rafadha yalikuja yamenyooka kama rula. Lakini panga la helikopta iliyotua hulegea kwa uzito wake wenyewe, basi kila moja aliliinamisha kidogo juu ya mvuke wa birika, akalishikilia mpaka likapoa. Mawili yalipinda kupita kiasi ikambidi aanze upya.

Lilikuwapo jambo la kushangaza zaidi. Mhimili wa rafadha kuu ya Mi-24 umeinamishwa kulia kwa nyuzi 2 na nusu. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu: panga la mkiani, linapozuia mwili usizunguke, huusukuma kando pia, na mwinamo huo hujibu msukumo. Jicho haliwezi kuuona upesi. Mtazamaji mia moja wa Miyuji wangepita mbele ya mfano ulionyooka pasipo kunung'unika hata mmoja. Yeye aliukata mhimili uliokuwa umekwisha kukauka, akaugandisha tena umeinama, akaupima kwa kipimapembe alichoazima kwa mtoto wa shule.

Kisha ikaja rangi. Alitumia kopo la rangi ya magari la kupulizia. Mara ya kwanza alipaka jioni, na asubuhi helikopta ilikuwa na upele mwekundu. Akaisugua kwa msasa laini wa maji mpaka ikarudi kijivu. Mara ya pili alifunga madirisha kwa magunia; vumbi likapita chini ya mlango. Mara ya tatu aliamka saa kumi alfajiri, saa ambayo hata upepo wa Dodoma umelala, akanyunyiza maji sakafuni, akavua shati lisije likaangusha unyuzi, akapaka kwa pumzi ya kubana. Ikatakata. Mkewe, aliyekuwa ameacha kucheka tangu mwezi wa pili, alisimama mlangoni na kanga yake begani akaitazama kwa muda mrefu. Herufi nyeusi alizikata katika karatasi ya kunata aliyopewa na fundi wa mabango ya maduka.

Wengi wangeishia hapo. Lakini usafi ule ulimkera. Helikopta alizozikumbuka zilikuwa na masizi nyuma ya ekzosi, yametambaa juu ya weupe kama moshi wa koroboi ukutani. Zilikuwa na mafuta yaliyochuruzika na vidole vya mafundi kuzunguka vifuniko. Basi mtu yule yule aliyepigana na vumbi miezi miwili akatoka nje, akateka vumbi kiganjani, akalichekecha kwa kitambaa, akalipaka kwa brashi juu ya magurudumu na chini ya tumbo. Kwa masizi alitumia masizi, ya sufuria ya mkewe.

Siku ya Jumapili akaja kijana wa miaka kumi na mitatu kutoka mtaa wa pili. Baba yake alikuwa askari wa kombania moja na mstaafu huyu. Alijeruhiwa paja huko Kongo, akarudi akichechemea, akaishi miaka kadhaa, akafariki kwa maradhi yasiyohusiana na vita. Alikuwa mtu wa maneno machache, na juu ya jambo hilo hakuwa na neno hata moja. Kijana aliamkia, akaitikiwa, akaonyeshwa kiti. Hakuketi. Aliizunguka meza, mikono nyuma, kama afanyavyo mtu mwenye malezi mbele ya kitu cha watu.

"Baba mkubwa, ndiyo hii iliyombeba baba?"

Mstaafu hakujibu upesi. Ubavuni mwa Mi-24 upo mlango wa vipande viwili. Cha juu hufunguka kwenda juu, cha chini hushuka kikawa ngazi. Ndani yake kuna nafasi ya askari wanane. Kijana alikuwa amekwisha kuunyoshea kidole mlango huo, akauliza kama baba yake aliingizwa kwa hapo. Uongo ulikuwa tayari juu ya meza, umeundwa kwa miezi minane, una mlango na ngazi na masizi yake. Hakuna mtu wa Miyuji ambaye angeukanusha, na mtoto angekwenda kwao ameshiba.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hii haikumbeba. Hii ilipita juu yetu. Iliyombeba ni nyingine, Mi-8, nene, ina tumbo kubwa, na nyuma yake hufunguka pande mbili kama kabati."

"Basi kwa nini ukaunda hii?"

Mkewe alikuwa ameuliza mengi, juu ya fedha, juu ya macho, juu ya meza ya chakula, hilo hakuliuliza. Mstaafu alitazama nyuzi zake 2 na nusu. "Kwa sababu hii niliitazama," alijibu mwisho. "Ile nyingine sikuitazama. Nilikuwa nimeshika machela."

Labda hapa ndipo penye udhaifu wa mifano yote, hata ile iliyoundwa kwa uaminifu. Mtu hujua idadi ya ribiti za kile alichokiona akiwa kando. Kile alichokuwa ndani yake humwachia vitu vya ajabu visivyoweza kuuzwa katika sanduku: harufu ya mafuta ya ndege, kitanzi cha turubai kilichomchuna kiganja, upepo wa mapanga uliomtia mchanga mdomoni. Mi-8 ni mojawapo ya helikopta zilizoundwa kwa wingi kuliko zote duniani. Hubeba machela 12, na imewabeba majeruhi wa mabara yote. Mstaafu huyu aliingia ndani yake mara moja, na alipoulizwa rangi ya kuta zake alikuwa hana la kusema.

Ilikuwa mwezi wa Juni, na mashamba yaliyobaki kati ya nyumba mpya za Miyuji yalikuwa na mabua. Kijana alitoka, akarudi na mzigo begani. Walikaa nje, upande wa ukuta usiopigwa na upepo. Mstaafu alijua vipimo, kwa kuwa vipimo husomwa: rafadha ya mita 21.3, yaani kwa kipimo kile kile sentimita 61, mapanga matano. Mikono ya kijana ilijua bua. Alichuna ganda pasipo kulitazama, akalikunja likawa mbavu za tumbo, akachoma misumari yake. Panga la mkiani akaliweka kulia.

"Kushoto," mstaafu alisema. "Zile za kule lilikuwa kushoto."

Akanyamaza, kwa kuwa hilo hakulisoma mahali. Alilikumbuka wakati ule ule aliposema. Walikaribia kwa nyuma, wameinama, na mtu mmoja aliwapungia mkono wapite mbali nalo. Kijana akalihamisha. Akafanya milango miwili ya nyuma, akaifungua na kuifunga kwa kidole. Kisha akachonga kipande cha moyo wa bua kirefu kama kiberiti, akakitia fito mbili kando, akakishika mbele ya mlango.

"Kilitangulia kichwa au miguu?"

Mstaafu alisimama. Alifumba macho, akanyosha mikono chini, vidole vimekunjwa kama vilivyoshika kitu kizito, akarudi nyuma hatua moja katika vumbi la ua wake, akarudi ya pili, akainamisha shingo asije akagonga kitu.

"Kichwa," alisema.

Kijana akaiingiza machela, kichwa mbele, akatafuta msumari wa kuishikiza sakafuni.