Tope Halina Kaunti

Jumatatu, 5 Mei 2025, Ogwedhi
Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi mtaro wa njia ya sokoni ulikuwa mwekundu kwa udongo wa mashamba. Udongo huo haukai kwetu. Unaingia Mto Migori, Migori unaungana na Kuja huko Nyatike, na Kuja unamwaga yote Ziwa Victoria.

Darasani, Kidato cha Tatu nimewafikisha kwenye Lengo la 14 la maendeleo endelevu, lile la bahari. Kipimo cha kwanza cha shabaha 14.2 kilikuwa kizuri: kiliuliza ni sehemu gani ya bahari ya nchi inayosimamiwa kwa kuangalia ikolojia nzima, yaani samaki, matumbawe, mikoko na watu pamoja. Mwaka 2020 kikabadilishwa. Siku hizi zinahesabiwa nchi zinazotumia njia hiyo. Naelewa kwamba nchi nyingi hazikuwa na takwimu za kujibu swali la awali. Hata hivyo tumepoteza kitu. Eneo unaweza kulionyesha kwenye ramani, na mvuvi akakubishia. Ukihesabu nchi, mvuvi hana pa kuingilia.

Jumatano, 7 Mei
Kenya ina ya kujivunia, na niliwaambia wanafunzi hivyo. Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji wenyewe walitenga kipande cha bahari mwaka 2005, wakaacha kuvua hapo, na samaki wakarudi. Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule za kijiji.

Kisha msichana mmoja wa nyuma akauliza: "Mwalimu, na mto unaoingia hapo ni wa nani?" Nikamchorea Athi ubaoni, kutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, ukipita Ukambani, ukiitwa Galana, halafu Sabaki, hadi baharini kaskazini ya Malindi. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968. Askari wake wanaweza kumzuia mvuvi. Tope la Machakos hawaliwezi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimenunua omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Mama alijaza gorogoro, akalitikisa kidogo, akaongeza konzi moja juu. Walikuwa wakavu, weupe, bila mchanga. Nikamuuliza kama ni wa Karungu, ufuoni kwetu.

"Aa, mwalimu, kwetu si wamefunga hadi mwisho wa Julai? Hii imevuka kutoka Tanzania."

Nimekaa na jibu hilo mchana wote. Upande wetu unafunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili ili wazaliane, na katika taarifa ya nchi kuhusu malengo hayo jambo hilo litaandikwa kuwa mafanikio. Wavuvi wa Muhuru Bay wanalala na njaa ili sheria itimie. Lakini omena ni wa ziwa moja: Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43, sisi 6 tu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa 1994, makao yake Jinja, kwa sababu hiyo hasa. Anayefunga asilimia 6 peke yake anaumiza watu wake, na ziwa halipumziki.

Jumapili, 11 Mei
Tena, ziwa letu halimo hata katika Lengo la 14. Maji baridi yamewekwa kwenye Lengo la 6 na la 15, kana kwamba mtu anayevua Sori na anayevua Shimoni hawana shida moja.

Nimeamua kuiandikia serikali ya kaunti yetu, na nitaomba walimu wenzangu wa Jiografia watie sahihi. Tunataka mambo mawili. Kwanza, maendeleo yapimwe kwa bonde zima la mto, kuanzia shamba la Ogwedhi na machimbo ya dhahabu ya Macalder hadi ufuo ambapo Kuja unaishia. Pili, kamati za usimamizi wa fuo ziulizwe kila mwaka wavuvi wanavua nini na kwa nyavu za matundu gani, na majibu yao yaingie kwenye taarifa ya taifa jinsi walivyoyatoa. Mkuu wa shule akikubali, barua itaondoka Ijumaa.