Township Tatu: Kwa Nini Uunde Aina Yako ya Data kwenye Hadoop

Leo tuongee mambo ya Hadoop, hasa kile kipande ambacho wengi hukiruka: kuunda aina yako mwenyewe ya data. Mnaoanza msiogope, tutaenda polepole.

Kwa ufupi, Hadoop ni programu ya kugawia kompyuta nyingi kazi moja kubwa. Doug Cutting, mmoja wa walioianzisha, aliipa jina la mwanasesere wa tembo wa mtoto wake. Hatua ya kwanza, map, husoma rekodi na kutoa jozi za ufunguo na thamani. Hatua ya pili, reduce, hukusanya thamani zote zenye ufunguo mmoja. Katikati hapo kila kitu hugeuzwa kuwa baiti ili kiweze kuandikwa kwenye diski na kusafiri kwenye waya. Kugeuza huko ndiko serializesheni.

Hapa Kakamega nina kompyuta tatu za mitumba, nimeziunganisha kwa swichi moja. Ninajumlisha rekodi za dawa zilizofika kwenye zahanati, wadi kwa wadi. Njia ya mkato ni kutumia Text, aina inayokuja na Hadoop, na kufanya jina la wadi kuwa ufunguo. Hapo ndipo kuna balaa. Kenya ina wadi 1,450 na majina hujirudia. Jirani zetu wa Bungoma wana wadi ya Township katika eneo bunge la Kanduyi. Kaunti ya Kiambu nayo ina Township mbili: moja eneo bunge la Kiambu, nyingine Thika Town. Kwa hiyo hata ukiongeza jina la kaunti, bado hujatoka. Zote zikijumlishwa pamoja, msomaji wa ripoti ataona Township ina dawa tele, na mgonjwa wa Kanduyi ataambiwa arudi wiki ijayo.

Utasema, si uunganishe tu majina kwa mkwaju? Haya, Kanduyi hiyo hiyo ina wadi iitwayo Marakaru/Tuuti. Ukikata kwenye mkwaju unapata vipande vinne badala ya vitatu.

Suluhisho ni klasi yako mwenyewe. Yangu ina kaunti, eneo bunge na wadi, na inafuata kanuni za WritableComparable. Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. write huandika sehemu hizo kuwa baiti, na readFields huzisoma kwa mpangilio ule ule. Ukibadilisha mpangilio, Kanduyi inakuwa wadi na hakuna atakayekuonya.

2. Weka konstrakta isiyo na vigezo. Hadoop huumba kitu kitupu kwanza, kisha hukijaza.

3. readFields ijaze kila sehemu upya, kwa sababu Hadoop hutumia kitu kimoja tena na tena. Ukiruka sehemu moja, data ya rekodi iliyopita inabaki ndani.

4. compareTo ilinganishe sehemu zote tatu. Ikirudisha sifuri, Hadoop inaamini hizo mbili ni kitu kimoja.

5. Andika hashCode na equals. hashCode ndiyo huamua ufunguo uende kwa reduce gani. Ile ya kawaida ya Java haiangalii yaliyomo, hivyo wadi moja iliyosomwa na kompyuta mbili inaweza kupelekwa pande mbili, ukapata nusu jumla huku na nusu kule.

Kwa nini tusitumie Serializable ya Java? Inafanya kazi, lakini huongeza maelezo ya klasi juu ya data yenyewe. Kwa swichi yangu ya bei rahisi, huo ni mzigo wa bure.

Siku hizi wengi wamehamia Spark, lakini somo la hashCode na equals linawafuata huko huko. Kompyuta haijui Township ya Kanduyi si ya Thika. Itajua tu yale uliyoandika ndani ya aina yako ya data, kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, jiulize: ni nini hasa kinachotofautisha rekodi hizi?