Mwembe Usiouzwa



Wazee husema akiba haiozi, na neno lao ni kweli kwa mtama na kwa fedha. Lakini embe huoza, tena upesi. Kila mwaka, toka Novemba hata Februari, apitaye katika vijiji vya Muheza hukutana na harufu ya embe zilizoanguka, nzi wakizizunguka, na watoto wamekwisha kuzichoka. Akirudi katika nyumba zile zile mwezi wa Aprili, masika ikinyesha, ataona ugali na mchicha, na kesho yake ugali na mchicha, wala hakuna cha kuutia ladha.

Watu wengi wakisikia habari ya kuhifadhi matunda hudhani kwamba kazi huanza jikoni, penye sufuria na sukari. Sisi, mume na mke, twaona kwamba huanza shambani, tena katika mazungumzo ya watu wawili. Maana desturi ya huku ni hii: mchuuzi huja miti ikiwa bado na maua, au machungwa yakiwa bado mabichi, huutazama mti, hutaja fedha kwa mti mzima, na hulipa papo hapo. Anayepokea ni baba. Sare za watoto zadai, bati la nyumba ladai, naye hufurahi kupata fedha kabla ya mavuno. Lakini toka siku ile matunda si ya nyumba tena. Twamjua mama mmoja ambaye watoto wake walifukuzwa kwa fimbo chini ya mwembe uliopandwa na babu yao, kwa kuwa waliokota embe tatu. Mchuuzi alikuwa na haki yake, maana alinunua. Mama yule hakuulizwa neno lo lote siku ya kuuza.

Kwetu iko miembe minne. Mitatu huuzwa, wala hatuoni aibu kuiuza. Wa nne, mbolibo ulio karibu na jiko, hauuzwi. Tulipatana hivyo mwaka wa pili wa ndoa yetu, wala haikuwa rahisi. Mama alisema, "Baba watoto, ukiuuza na huu, fedha yake nitaimaliza kwa kununua nyanya kabla ya Pasaka." Baba alikaa siku tatu akihesabu, akaona ndivyo ilivyo. Mchuuzi naye kila mwaka huuonyesha mti ule kwa kidole na kuongeza bei. Nasi humpa kiti na maji ya kunywa, tukazungumza habari nyingine.

Basi, tuje jikoni. Sukari ni ghali na jua ni bure, kwa hiyo twaanza kwa jua. Embe iliyoiva lakini ingali ngumu kidogo humenywa, hukatwa vipande vya unene wa nusu sentimita, hupangwa juu ya uchanja, na kufunikwa kwa kitambaa chepesi. Kitambaa kina kazi mbili: huzuia nzi, tena hukinga lile jua kali ambalo huharibu sehemu ya vitamini A, nayo ndiyo vitamini itakiwayo kwa macho ya watoto. Jioni vipande huingizwa ndani, maana umande wa usiku mmoja waweza kuleta ukungu. Vikipinda kama ngozi bila kutoa maji, vimekuwa tayari, navyo hutiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Asiyezoea asishangae kuona kazi kubwa ikitoa kidogo: embe kilo 10, ukiondoa maganda na kokwa na maji yaliyokwenda na upepo, hubaki kilo moja na kidogo. Kilo hiyo mtoto huitafuna akienda shule, au hulowekwa usiku na kutiwa katika uji.

Embe changa zilizoangushwa na upepo, ambazo mchuuzi hazitaki, ndizo za achari. Hukatwa, husuguliwa chumvi, huanikwa siku mbili au tatu, kisha huchanganywa na pilipili, kitunguu saumu, bizari ya manjano na siki, au maji ya ndimu kwa asiye na siki. Watu wa pwani wameijua kazi hii tangu zamani, nasi hatuna cha kuwafundisha. Kijiko kimoja kando ya ugali na maharagwe hugeuza chakula kizima.

Jamu twaitengeneza kidogo tu, kwa mapera. Twachagua yaliyoiva pamoja na machache yasiyoiva sana, kwa sababu hayo ya pili ndiyo yenye wingi wa kile kigandishaji cha asili, yaani pektini. Huchemshwa kwa maji kidogo hata yalegee, hupitishwa katika chujio ili mbegu zibaki, kisha kila kilo ya rojo hupewa karibu kilo ya sukari na maji ya ndimu mbili. Anayepunguza sukari nusu kwa kuibania ajue kwamba jamu yake haitakaa muda mrefu, maana sukari ndiyo inayoilinda. Vitabu husema ichemke hata nyuzi 105 za sentigredi. Hayo ni maneno ya watu wakaao karibu na usawa wa bahari. Huko Lushoto, penye mita kama 1,400 juu ya bahari, maji yenyewe huchemka kwa nyuzi kama 95, na jamu huwa tayari kwa nyuzi kama 100. Asiye na kipimo atone tone moja juu ya sahani baridi, alisukume kwa kidole. Likifanya makunyanzi, basi aipue. Chupa ziwe zimechemshwa, nazo zijazwe zingali za moto.

Mfaransa mmoja, Nicolas Appert, aliyekuwa mpishi wa vitu vitamu, alipewa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuonyesha jinsi chakula kikifungwa vema katika chupa na kuchemshwa kinavyokaa bila kuoza. Kwa nini hakiozi, hakujua. Sababu ilijulikana baadaye, Louis Pasteur alipochunguza vijidudu katika miaka ya 1850 na 1860. Twaitaja habari hii kwa ajili ya waalimu wanaocheka mama wa kijijini asiyeweza kueleza kwa nini achari yake haiharibiki.

Lakini onyo moja twalitoa kwa nguvu. Matunda makali yana ulinzi katika ukali wake. Maharagwe, mboga na nyama hayana. Mtu asivifungie vitu hivyo katika chupa kwa kuvichemsha katika sufuria ya kawaida, maana iko sumu inayozaliwa humo bila harufu wala povu, nayo huua. Vitu hivyo vikaushwe.

Twaona nyumba nyingi ambamo chupa ya jamu husimama kabatini kama picha ya ukutani, ikimngojea padre au mgeni kutoka mjini, na watoto huijua kwa macho tu. Kwetu chupa ya kwanza hufunguliwa na watoto siku ile ile ya kuipika. Mgeni hupewa ya pili, na hata sasa hatujapata mgeni aliyenung'unika.

Liko neno jingine ambalo hatuwezi kulipita, nalo ni pombe ya matunda. Maji ya embe yenye sukari, yakiachwa siku chache, hamira iliyo juu ya maganda huyageuza yenyewe. Makanisa yetu hayakubaliani juu ya divai. Mengine huikataza kabisa, mengine huruhusu kwa kiasi, na kila nyumba ifuate mafundisho ya kanisa lake. Mgeni mmoja alituuliza kwa nini hatufanyi kama watu wa Ulaya, wanaoloweka matunda katika pombe kali pamoja na sukari hata yawe kinywaji kitamu. Tulimjibu kwamba pombe kali ipatikanayo kijijini ni gongo, ambayo anywaye hajui kilichotiwa ndani. Mwaka 2000 mjini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka.

Hata hivyo hatupendi jinsi mama apikaye gongo anavyotajwa kanisani. Huko kusini, Masasi na Newala, korosho huuzwa na mabibo huachwa chini. Maji yake yakichacha huwa uraka, na uraka ukipikwa huwa gongo. Mara nyingi mama huyachukua kwa sababu ndiyo sehemu ya mti ambayo hakuna mtu mwingine anayeitaka, na fedha ya gongo huwa fedha pekee iliyo mkononi mwake. Kumwambia aache, bila kumpa kitu kingine cha kuuza, ni kumwambia alale njaa. Mabibo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Yaweza kuanikwa, tena yaweza kupikwa jamu, ikiwa yatachukuliwa siku ile ile yaangukapo. Twawauliza wazee wa makanisa ya huko: je, sufuria kubwa moja, na sukari ya kuanzia, haviwezi kutoka katika sadaka ya mavuno?

Miembe ya huku imeanza kutoa maua. Wachuuzi wamekwisha kufika katika kijiji cha pili, kwa hiyo baba na mama walio na neno la kupatana juu ya mti wapatane wiki hii.